Nani Kakupiga Leo?

Binti yangu Rukia alianza chekechea Januari 2019, mwaka ule mtaala mpya wa Kenya ulipoingia rasmi madarasa mawili ya chekechea, PP1 na PP2. Sisi twakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Shule ilikuwa kisiwani, na mimi nilikuwa nakunga leso kwenye kibaraza cha duka moja karibu na Biashara Street. Saa tisa alasiri nafunika cherehani, naenda kumchukua, kisha twashuka pamoja hadi feri. Na kila siku, kabla hata sijamwuliza kama amekula, neno langu la kwanza lilikuwa: "Nani kakupiga leo?"

Swali hilo sikulitunga. Lilinitoka kama salamu, na pale getini sikuwa peke yangu. Mmoja alimwuliza wake "Nani kakuchokoza?", mwingine aligeuza uso wa mtoto huku na huku kutafuta mikwaruzo kabla hajambusu. Tuliona huo ndio ulezi.

Wiki za kwanza Rukia alitikisa kichwa tu. Lakini mtoto huusoma moyo wa mamake upesi. Akiniambia uji wa leo ulikuwa na sukari, naitika "ehee" huku natafuta upenyo kati ya tuktuk tuvuke barabara. Akiniambia Salim kamsukuma kwenye bembea, nasimama pale pale njiani, nachutama, namkazia macho, namwuliza mara ya pili na ya tatu. Basi alijifunza habari ipi humsimamisha mama. Kufika Machi, hakungoja kuulizwa. Salim kanisukuma. Khadija kaficha rangi nyekundu. Yule mwenye kibanio kaniambia nywele zangu ngumu. Nami nilijisifu moyoni kwamba mwanangu hanifichi kitu.

Ikaja Idd baada ya Ramadhani, mwezi wa Juni. Nilimshonea gauni la zambarau lenye marinda matatu, kazi ya usiku tatu. Wajomba wakampa mkono wa Idd, shangazi yake akampeleka Makadara kwenye mapembea, akarudi na puto, mabuyu yamempaka midomo yote, na kikaragosi cha plastiki kinachopiga ngoma. Mamangu alikuwa kibarazani akichambua mchicha. Akamwita, "Ndoo mjukuu wangu, nieleze Idd yako ilikuwaje." Rukia akasimama mbele yake, puto mkononi, akasema: "Twalib kanikanyaga gauni."

Mama alingoja. Hapakuwa na la pili. Mtoto ametoka Makadara siku ya Idd na hilo ndilo alilorudi nalo.

Usiku, Rukia amelala, mama aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mwanangu, kila siku wampa mtoto kikapu aende sokoni, na kila akirudi wamtaka akuletee yaliyooza. Itafika siku hatajua kama soko lina embe."

Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nilimwambia dunia si nzuri, na kama kuna mtu anayelijua hilo ni yeye. Nilikuwa na maana yangu. Mimi nimekulia Mtongwe. Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafa, nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyetuamkia kila siku akipita na beseni lake la mahamri, hakurudi. Tangu siku ile, kila tukivuka maji mama alinishika kifundo cha mkono. Si kiganja. Kiganja huteleza, alisema, kifundo hakitelezi. Nami Rukia nilimshika vivyo hivyo, vidole vyangu vimefunga kifundo chake kama bangili, tangu siku ya kwanza alipotembea kwa miguu yake kuingia feri.

Kwa hiyo siamini kwamba anayeangalia mabaya ana kasoro. Wengi wetu tumefundishwa na mambo yaliyotukuta. Mzazi wa Mombasa ana maji, ana magari, ana watu asiowajua, na jicho la tahadhari limeokoa watoto wengi. Lakini neno la kikapu lilinikaa. Usiku ule nilijiuliza kama mwanangu nampa ulinzi au nampa hofu yangu aibebe.

Siku ya kufungua shule nilibadilisha swali. "Leo nani kakufanyia wema?" Rukia aliniangalia kana kwamba nimemsemesha Kichina. Tulitembea hadi tukapita Posta, kimya. Kisha akasema, "Hakuna." Kesho yake: "Hakuna." Siku ya tatu akasema mwalimu kavaa viatu vya kung'aa. Si wema, lakini nilisimama pale pale njiani, nikachutama kama nilivyokuwa nikichutama kwa Salim na bembea yake. "Viking'aa vipi? Rangi gani? Vilikuwa na kifungo?" Aliinua mabega kwa furaha. Mtoto wa miaka minne hafuati maneno yetu, hufuata miguu yetu inaposimama. Hilo nililijua pale, kabla sijasoma chochote.

Feri ndiyo iliyotusaidia zaidi. Kuvuka ni dakika chache, lakini kungoja kwaweza kuwa nusu saa, umebanwa na umati, jua limekuangalia usoni, harufu ya dizeli na samaki na jasho. Ukitaka ubaya wa kuhesabu, pale hutaukosa. Tukaweka mchezo: kabla feri haijagusa ng'ambo, kila mmoja atafute kitu kimoja kizuri alichokiona kwa macho yake. Si cha kukisia. Cha kuona.

Siku moja ya Agosti, upepo wa kusi unavuma na maji yamechafuka, tulipanda na mkokoteni wa magunia ya viazi. Feri ilipoteremsha ulimi wake upande wa Likoni, hamali yule alijaribu kuupandisha mlimani, mkokoteni ukamrudisha nyuma. Akaupiga bega, mishipa ya shingo imetoka, gurudumu likazunguka mara moja na kurudi. Kijana aliyevaa shati jeupe la kazini, begi mgongoni, alitoka kwenye umati bila kuitwa, akaweka mikono juu ya gunia, akasukuma. Mwanamke mmoja akaokota jiwe, akawa analisogeza nyuma ya gurudumu kila walipopata hatua moja, ili mkokoteni usirudi. Wimbi likaja likamfunika kijana hadi vifundo vya miguu. Hatua, jiwe. Hatua, jiwe. Walipofika tambarare, hamali alikunja ngumi akaigusa ya kijana, wakaachana.

Mimi nilikuwa naogopa gurudumu lisije likatukanyaga. Rukia ndiye aliyesema: "Mama, yule kaka viatu vyake vimeingia maji na hajakasirika."

Lau si yeye, nisingeviona viatu vile.

Hapa ingekuwa rahisi nikomee na kusema tuliponyoka. Lakini kosa langu kubwa zaidi nilikuwa bado sijalifanya.

Nilinogewa na swali langu jipya. Rukia akilia, nasema, "Haya, nyamaza, niambie kizuri." Akinuna, nasema, "Yaache hayo, leo umeona nini kizuri?" Septemba 29 mwaka ule ule gari liliteleza nyuma kutoka feri likazama Likoni, mama na binti yake ndani, na siku ya 13 ndipo likatolewa. Likoni nzima haikuwa na habari nyingine. Tulipovuka siku zile, Rukia hakuangalia maji hata kidogo. Aliangalia uso wangu, kuanzia tukipanda hadi tukishuka. Akaniuliza, "Wale wako chini wapi?" Nami badala ya kumjibu nikamwonyesha ndege. Nikamwambia, tazama yule ndege mweupe, si mzuri? Alimtazama ndege, akarudi usoni kwangu. Sasa nikikumbuka nasikia uchungu, kwa sababu mtoto aliniuliza jambo la kweli na mimi nikampa ndege.

Februari 2020, akiwa PP2, nilikuwa namwogesha jioni, kikombe cha maji mkononi, nikaona alama ndani ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. Nne ndogo, nyeusi kidogo, na mbili zilizoanza kuwa manjano. Vidole vya mtu mzima. Alikuwa msaidizi mmoja wa pale shuleni, aliyewafinya watoto wakichelewa kumaliza chakula. Tena haikuwa mara moja.

"Mbona hukuniambia, mamangu?"

Alinijibu bila kulia, kama anayenikumbusha sheria ya nyumba. "Weye wataka vizuri."

Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya maji. Nilipomwuliza nani kampiga, aliniletea hata yasiyokuwa na uzito. Nilipomtaka mazuri tu, alinificha la kweli. Mara zote mbili alikuwa akinipa nilichoomba.

Asubuhi nilikwenda shuleni kabla duka halijafunguliwa. Msaidizi aliondolewa darasani, na nililolazimika kusema nililisema kwa sauti ya chini mpaka likasikika. Machi shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa Januari 2021 nilimpeleka kwingine. Sitaki kulirefusha hilo. Lililobaki nami ni jioni ile yenyewe, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine ndani yake.

Nilimkausha, nikampakata, nikamwambia anieleze yote, baya lote, mpaka liishe. Sikumkatiza. Sikusema "lakini". Alieleza meza, sahani, wali uliobaki, mkono, kucha. Aliponyamaza nikangoja zaidi, akaongeza. Alipomaliza kabisa, nikamwuliza kwa woga: "Na ulipofinywa, nani alikuwa karibu nawe?"

"Salim."

"Akafanya nini?"

"Akala wali wangu upesi upesi ili uishe."

Salim yule yule wa bembea. Mtoto wa miaka mitano, amejijaza wali mashavuni kumwokoa mwenzake. Wema ule ulikuwa umelala ndani ya jambo baya, ubavuni kwake, na nisingeupata kwa kulikimbia baya. Ndipo nikauona ufisadi wa mchezo wangu: nilikuwa namfundisha mtoto kuruka, wakati alihitaji kufundishwa kutazama mpaka mwisho.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia. Usiku ule alinisimulia jambo la 1994 ambalo hajawahi kunisimulia, miaka yote ile ya kunishika kifundo. Alisema maiti zilipoanza kuletwa ufuoni hapakuwa na cha kuzifunikia, na wanawake wa mtaani walivua leso zao za mabegani, moja baada ya nyingine, nyingine mpya za jozi, wakazitandaza bila kuuliza huyu ni wa nani. Leso yake ya kisutu ilikwenda na mtu asiyemjua. Mimi nakunga leso tangu nina miaka kumi na saba. Sikujua.

Tangu hapo nyumbani kwetu utaratibu ni mmoja. Baya hutangulia, na hupewa muda wake wote. Likihitaji kufuatwa, mtu mzima hulifuata siku ile ile, mtoto akiona kwa macho. Kisha ndipo swali la pili, na si "kizuri ni kipi?" Ni "nani alikuwepo, akafanya nini?" Kuna siku jibu ni "hakuna", nami nalipokea. Mtoto akilazimishwa kuona zuri atalitunga, na kutunga si kuona.

Mwaka 2022 niliacha kibaraza nikaingia mafunzo ya ualimu wa chekechea, na huko nikalikuta jambo letu la feri limeandikwa na watu waliokuwa Marekani, miaka mingi kabla ya Rukia kuzaliwa. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo kinene, ambayo katikati yake chini paonekana pameshuka, kama ukingo. Si shimo la kutisha wazi, ni kiasi cha kumtia mtoto shaka. Mama yuko upande wa pili. Mtoto akifika ukingoni huinua macho kumtazama mamake. Kati ya watoto 19 walioona uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 walioona uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja. Mwalimu wetu aliendelea na jambo jingine, mimi kalamu ilisimama mkononi. Nilikuwa namwona Rukia ndani ya feri, macho yake usoni kwangu.

Tulisoma pia kwamba baya huvuta jicho na hukaa moyoni kuliko zuri la uzani ule ule. Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya hilo mwaka 2001. Naamini ndivyo tulivyoumbwa, na kuna hekima yake. Zuri halipigi kelele. Ndiyo maana lahitaji mtu mzima wa kusimama njiani kwa ajili yake.

Sasa nina watoto 31 darasani, wa miaka minne na mitano. Aliyewahi kukaa na watoto wa umri huo Mombasa analijua neno lao kuu: "Nitakusema!" Siku nzima ni kusemana. Mwalimu, huyu kanitolea ulimi. Mwalimu, huyu hajanawa. Zamani ningewaambia waache kusemasema. Lakini nikikumbuka alama nne za mkononi, siwezi kumfundisha mtoto yeyote kunyamaza. Kwa hiyo sikulifunga neno lao, nililipanua. Niliwaambia hata aliyefanya vizuri anaweza kusemwa kwa mwalimu, na mimi nitasikiliza kwa masikio yale yale.

Siku mbili hakuna aliyekuja. Siku ya tatu akaja Mwanaidi, mzito wa maneno, anamburuta Athumani kwa mkono wa shati. Athumani machozi yameshamlengalenga, hajui kosa lake. "Mwalimu, nataka kumsema Athumani." Nikachutama. "Kafanya nini?" "Kanifunga kiatu." Nikamwuliza, kwa fundo gani, mguu upi, ulikuwa umesimama au umeketi. Athumani aliacha kulia taratibu, mdomo wazi. Alitazama kile kiatu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Fundo lenyewe lilikuwa fundo la mbuzi, tulilikata kwa mkasi saa ya kwenda nyumbani.

Nimejifunza pia kutaja nilichoona badala ya kumwaga sifa. "Mtoto mzuri" humwachia mtoto kazi ya kukisia. "Nimekuona ukimpisha Fahmi bombani" humwachia kitu cha kushika.

Mwaka jana tuliwapeleka Haller Park, kule Bamburi. Wao walitaka twiga na kiboko, mimi nilitaka jongoo. Tulipofika chini ya mivinje, jongoo mmoja mkubwa mweusi, miguu myekundu, alikuwa anakata njia polepole. Mayowe! Nusu ya darasa walinirukia. Omari, asiyependa kushikwa na kitu, aliinua kijiti amtupe. Wahenga nao hawakumpendelea jongoo, walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nikaketi juu ya majani makavu, nikawaambia waketi, wasimguse, wamtazame tu mpaka afike upande wa pili.

Alipokuwa anavuka niliwasimulia. Hapa mlipoketi palikuwa shimo. Kiwanda kilichimba mawe ya kutengenezea saruji, kikaacha jangwa jeupe la mawe, la moto, bila jani. Mwaka 1971 bwana mmoja, René Haller, alianza kupanda miti. Mingi ilikufa. Mivinje ikashika. Lakini majani yake yalidondoka yakakaa vile vile, makavu, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Basi wakaletwa majongoo. Wakala majani, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Watoto walicheka sana hapo, nikawaacha wacheke. Kisha nikachota kiganja cha udongo mweusi, nikauzungusha kila mmoja aunuse.

Jongoo alikuwa ameshaingia majanini, mkia tu waonekana. Sikuwauliza swali lolote. Twiga walikuwa wanatungoja.

Ndani ya basi, tukirudi, tumekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali na wengi wamelala midomo wazi, nikahisi kidole kinanigusa bega. Omari. Kijiti chake bado anacho.

"Mwalimu, nataka kumsema jongoo."

Nikageuka nikamtazama vizuri. "Kafanya nini?"